Kubeti besiboli ya awamu tano za kwanza: fahamu hesabu yake kabla hujatoa pesa

Mwezi wa sita na wa saba, ligi kubwa za mpira wa miguu za Ulaya huwa mapumzikoni. Maduka ya kubeti hayapumziki. Ukifungua simu wakati huo utakuta michezo ambayo wengi wetu hatujawahi kuicheza, na mmojawapo ni besiboli. Mchana utaona timu za Japani na Korea Kusini, usiku wa manane utaona timu za Marekani. Kuna pia mashindano ya mataifa, ambapo Japani, Marekani, Meksiko, Cuba na nchi nyingine hukutana.

Siku hizi baadhi ya vijana kambini na katika vijiji jirani wanaweka pesa kwenye michezo hiyo, hasa kwenye dau linaloishia katikati ya mchezo, yaani baada ya awamu tano za kwanza. Wanaambiwa kwamba dau hili ni rahisi kulitabiri na matokeo yake yanapatikana haraka. Pesa inayowekwa mara nyingi ni ile ya matumizi ya nyumbani.

Makala hii haikufundishi namna ya kushinda. Inakueleza dau hilo linavyofanya kazi, kampuni inapata wapi faida yake, na ni mambo gani yanayoweza kukuletea shida wewe mkimbizi au mwenyeji unayeishi karibu na kambi. Ukishaelewa hesabu, uamuzi ni wako.

Besiboli inachezwaje?

Kila timu ina wachezaji tisa uwanjani. Timu moja inapiga, nyingine inalinda uwanja. Mrushaji wa timu inayolinda anamrushia mpira mpigaji wa timu pinzani, ambaye ameshika gongo. Mpigaji akiupiga mpira vizuri, anakimbia kuzunguka vituo vinne. Akifika kituo cha mwisho, kinachoitwa nyumbani, timu yake inapata pointi moja. Akiupiga mpira ukavuka uzio wa uwanja, anazunguka vituo vyote bila kuzuiwa, na wenzake waliokuwa kwenye vituo wanaingia nyumbani pamoja naye. Kwa hiyo pigo moja linaweza kuleta hadi pointi nne.

Timu inayopiga inaendelea hadi wapigaji wake watatu watolewe. Kisha timu zinabadilishana. Timu zote mbili zikishapiga, awamu moja imekwisha. Mchezo wa kawaida una awamu tisa. Kama timu ziko sawa baada ya awamu ya tisa, zinaongezewa awamu nyingine.

Mtu muhimu kuliko wote uwanjani ni mrushaji. Anayeanza mchezo huchoka baada ya kurusha mara nyingi, na kocha anamtoa na kumwingiza mwingine. Hapo ndipo wazo la kubeti awamu tano za kwanza lilipotoka: ukimjua mrushaji anayeanza, utadhani umejua nusu ya kwanza ya mchezo.

Besiboli si mchezo wa mbali kabisa na sisi. Mwaka 2012 watoto wa Lugazi, Uganda, walifika Williamsport, Marekani, kwenye mashindano ya dunia ya besiboli ya watoto, wakiwa timu ya kwanza ya Afrika kucheza huko. Lakini kucheza mpira ni jambo moja, na kuuwekea pesa ni jambo jingine.

Dau la awamu tano lenye nusu pointi maana yake nini?

Kwenye skrini utaona jina la timu likifuatiwa na alama ya kutoa au ya kujumlisha na namba, kwa mfano −0.5, +0.5, −1.5 au +1.5. Hiyo ni pengo la pointi linalotumika kuamua dau lako. Linahesabiwa kwa pointi zilizopatikana hadi mwisho wa awamu ya tano tu. Yanayotokea kuanzia awamu ya sita hayahesabiki.

Tuseme Japani inacheza na Marekani:

- Japani −0.5: Japani lazima iwe inaongoza baada ya awamu tano. Wakiwa sawa, umepoteza.
- Japani −1.5: Japani lazima iwe inaongoza kwa pointi mbili au zaidi. Ikiongoza kwa pointi moja, umepoteza.
- Marekani +0.5: unashinda kama Marekani inaongoza au timu ziko sawa.
- Marekani +1.5: unashinda kama Marekani inaongoza, ziko sawa, au iko nyuma kwa pointi moja tu.

Nusu ile ipo ili kusiwe na sare kwenye dau. Upande mmoja lazima ulipwe, mwingine lazima upoteze.

Mfano wa kweli: siku mbili za Machi 2023

Tuangalie michezo miwili iliyochezwa Miami, Marekani, kwenye mashindano ya dunia ya besiboli ya mataifa mwaka 2023. Kwa saa za Kenya, Uganda na Tanzania, yote ilianza mnamo saa nane usiku.

Tarehe 20 Machi ilikuwa nusu fainali kati ya Japani na Meksiko. Japani ilikuwa haijapoteza mchezo hata mmoja katika mashindano hayo. Mrushaji wake aliyeanza alikuwa Roki Sasaki, kijana anayejulikana kwa kurusha mpira kwa kasi kubwa sana. Mtu yeyote aliyetazama majina angesema Japani itaongoza mapema. Katika awamu ya nne, Luis Urías wa Meksiko aliupiga mpira ukavuka uzio wakati wenzake wawili wako kwenye vituo. Pointi tatu kwa pigo moja. Baada ya awamu tano, Meksiko ilikuwa mbele 3 kwa 0.

Mwishoni Japani ilishinda mchezo huo 6 kwa 5, baada ya kupata pointi mbili katika awamu ya tisa. Sasa fikiria mtu aliyeweka pesa kwa Japani −0.5 kwenye awamu tano za kwanza. Timu aliyoichagua iliingia fainali, na yeye alipoteza dau lake.

Kesho yake, tarehe 21 Machi, Japani ilicheza fainali na Marekani. Marekani ilipata pointi ya kwanza katika awamu ya pili. Japani ikajibu kwa pointi mbili katika awamu hiyo hiyo, na katika awamu ya nne ikaongeza nyingine. Baada ya awamu tano ilikuwa 3 kwa 1. Aliyeweka Japani −1.5 kwenye awamu tano alishinda. Lakini aliyeweka Japani −1.5 kwa mchezo mzima alipoteza, kwa sababu Marekani ilipata pointi moja katika awamu ya nane na mchezo ukaisha 3 kwa 2.

Timu ile ile, mashindano yale yale, siku mbili zinazofuatana. Kubashiri timu bora hakukutosha katika dau lolote kati ya haya. Pigo moja la sekunde chache ndilo lililoamua nani analipwa.

"Angalia mrushaji anayeanza, utashinda." Je, ni kweli?

Ushauri huu utausikia sana. Katika ligi ya kawaida una maana kidogo, kwa sababu mrushaji mzuri akianza, mara nyingi anakaa uwanjani awamu tano au zaidi. Lakini kuna mambo mawili yanayouharibu.

La kwanza, kampuni nayo inamjua mrushaji huyo. Ina watu na kompyuta zinazofuatilia rekodi yake, hali ya hewa, uwanja na wapigaji wa upande wa pili. Yote hayo yameshaingizwa kwenye odi kabla wewe hujaiona. Unachokisoma kwenye simu si siri.

La pili, mashindano ya mataifa yana kanuni zake. Mwaka 2023 mrushaji hakuruhusiwa kurusha zaidi ya mipira 65 katika mchezo mmoja wa hatua ya makundi, 80 katika robo fainali, na 95 katika nusu fainali na fainali. Kwa hiyo anaweza kutolewa mapema hata kama anafanya vizuri. Katika fainali ile ya Miami, Japani ilitumia warushaji saba. Aliyeanza, Shota Imanaga, alirusha awamu mbili tu. Mrushaji wa Marekani aliyeanza hakumaliza hata awamu ya pili. Aliyeweka pesa kwa kuamini majina hayo mawili, alipofika awamu ya tatu alikuwa anabetia watu wengine kabisa.

Kampuni inapata faida wapi?

Hapa ndipo penye jambo kubwa. Odi ni namba inayozidishwa na dau lako ukishinda. Ukiweka shilingi 100 kwa odi ya 1.85 na ukashinda, unapokea 185, yaani pesa yako 100 na faida ya 85.

Tuseme pande mbili zina nafasi sawa, kama kurusha sarafu, na kila upande umepewa odi ya 1.85. Wewe unaweka 100 upande mmoja, jirani yako anaweka 100 upande wa pili. Kampuni imepokea 200. Mmoja wenu atashinda na kulipwa 185. Kampuni imebaki na 15, na haikuhitaji kujua timu gani itaongoza. Kama mchezo ungekuwa wa haki kwa pande zote, odi ingekuwa 2.00.

Kumi na tano kati ya mia mbili ni asilimia 7.5. Inaonekana ndogo. Lakini mtu habeti mara moja. Anashinda kidogo, anairudisha; anapoteza kidogo, anaongeza. Ukichukua shilingi 1,000 ukaizungusha yote mara kumi kwenye odi za namna hii, kwa wastani utabaki na kama shilingi 459. Si kwamba kila mtu atabaki na kiasi hicho hicho. Mmoja atakuwa na nyingi na wengi watakuwa na chache au sifuri. Lakini mkijumlisha wote, zaidi ya nusu ya pesa imehamia kwa kampuni.

Hapa ndipo unapoona kwa nini dau la awamu tano linatangazwa. Mchezo mzima unakuchukua karibu saa tatu. Awamu tano zinaisha mapema zaidi, na tayari unaweza kuweka pesa nyingine kwenye awamu zilizobaki au kwenye mchezo mwingine. Ligi kuu ya Marekani ina timu 30, na kila moja inacheza michezo 162 kabla ya hatua ya mtoano. Karibu kila siku kuna mchezo. Kadiri pesa inavyozunguka haraka, ndivyo ile asilimia inavyokatwa mara nyingi zaidi.

Baada ya hapo, serikali nayo inaweza kukata kodi kwenye ushindi au kwenye pesa unayotoa. Viwango hubadilika na vinatofautiana kati ya nchi na nchi. Na ukitoa pesa kwa simu kuna ada. Kiasi unachokiona kwenye skrini kabla ya mchezo si lazima kiwe ndicho kitakachokufikia mkononi.

Vipi kuhusu mkeka wa michezo mingi?

Mkeka ni pale unapounganisha michezo kadhaa na lazima yote iwe kama ulivyosema. Vijana wanaupenda kwa sababu dau dogo linaonyesha kiasi kikubwa.

Chukua michezo mitano, kila mmoja una odi ya 1.85. Ukizidisha unapata odi ya 21.67. Shilingi 50 inakuwa 1,083. Inavutia. Lakini kama kila mchezo ni sawa na kurusha sarafu, nafasi ya kupatia yote mitano ni moja kati ya 32. Malipo ya haki yangekuwa mara 32, si mara 21.67. Kwenye dau moja kampuni ilikuwa inabaki na asilimia 7.5. Kwenye mkeka huu inabaki na zaidi ya asilimia 32. Kila mchezo unaouongeza unaongeza mkato wa kampuni.

Kuna jambo jingine kuhusu mkeka. Mara nyingi utapatia minne na kukosa mmoja. Moyo unasema, "Nilikaribia sana, kesho nitapata." Lakini mkeka uliokosa mchezo mmoja na uliokosa yote mitano vinalipwa sawa: sifuri. Kukaribia leo hakukuongezei nafasi ya kesho.

"Ukipoteza, ongeza dau mara mbili." Je, inasaidia?

Huu ni ushauri wa zamani na umewafilisi watu wengi. Unaambiwa: weka 50, ukipoteza weka 100, ukipoteza weka 200, siku utakayoshinda utarudisha yote.

Fanya hesabu kwa odi ya 1.85. Ukishinda mara ya tatu, umeshatoa 350 (50 + 100 + 200) na unapokea 370. Faida ni shilingi 20. Ukishinda mara ya nne, umeshatoa 750 na unapokea 740. Umeshinda, na bado umepungukiwa shilingi 10. Kuanzia hapo, kila hatua unayoongeza inakupa hasara hata siku unayoshinda. Ukifika hatua ya saba utakuwa umetoa shilingi 6,350, nawe ukishinda unapokea 5,920. Ukipoteza tena, hatua ya nane inadai 6,400 nyingine kwa mara moja.

Watu wengi hawafiki huko kwa pesa yao wenyewe. Wanafika huko kwa kukopa.

Watu wanaouza "mchezo wa uhakika"

Kwenye makundi ya simu kuna watu wanaosema wana mchezo uliopangwa. Wanapenda kutumia michezo ya mbali kama besiboli kwa sababu wanajua huna njia ya kuuliza. Hivi ndivyo wengi wao wanavyofanya.

Anachukua namba za watu 160. Watu 80 anawaambia Japani itaongoza baada ya awamu tano, wengine 80 anawaambia haitaongoza. Baada ya mchezo anawaacha wale aliowadanganya na kubaki na 80. Mchezo unaofuata anawagawa tena, wanabaki 40. Kisha 20. Kisha 10. Sasa kuna watu kumi ambao wameona ujumbe wake ukipatia mara nne mfululizo, bure. Hawajui kuhusu wale 150. Anawaambia, "Wa tano ni wa kulipia, shilingi 1,000." Watu kumi wanalipa, kisha anafunga namba.

Ni kweli kwamba besiboli imewahi kuwa na michezo iliyouzwa. Kesi inayojulikana zaidi ni ya fainali za Marekani za mwaka 1919, ambapo wachezaji wanane wa Chicago walifungiwa maisha. Lakini mtu mwenye siri ya namna hiyo hawezi kuigawa kwenye kundi la mamia ya watu kwa bei ya kilo chache za unga. Ukiombwa ulipe kwanza ili upewe matokeo, usilipe.

Mambo ya kuangalia kama unaishi kambini au jirani na kambi

*Umri.* Kenya na Tanzania, mtu chini ya miaka 18 haruhusiwi kubeti. Uganda ni tofauti: sheria ya mwaka 2016 inataka uwe na miaka 25. Kijana wa miaka 20 anayebeti Nakivale au Kyangwali yuko nje ya sheria, hata kama mwenye duka hamuulizi. Siku ya kulipwa ushindi mkubwa ataulizwa kitambulisho.

*Jina la laini ya simu.* Baadhi yetu tunatumia laini iliyosajiliwa kwa jina la rafiki au mwenyeji. Akaunti ya kubeti inafuata jina hilo. Pesa ikiingia, mbele ya kampuni ni ya mwenye jina. Kampuni inaweza kukataa kulipa kama jina la akaunti na kitambulisho havilingani. Na wewe mwenyeji uliyemsajilia mtu laini, elewa kwamba deni la mkopo wa simu litakalochukuliwa kwa laini hiyo litaandikwa kwa jina lako. Ugomvi wa namna hii huharibu ujirani wa miaka mingi.

*Mkopo wa simu.* Kuna huduma zinazokukopesha papo hapo. Kukopa ili ubeti maana yake ni kulipa mara mbili: riba au ada ya mkopo, na mkato wa kampuni ya kubeti.

*Kadi ya chakula au ya pesa za msaada.* Usiiweke rehani dukani kwa ajili ya deni la kubeti. Anayeshika kadi yako na namba yako ya siri anaweza kuchukua msaada wa familia nzima mwezi baada ya mwezi. Kama kadi imeshashikiliwa, nenda kwenye dawati la malalamiko la shirika linalotoa msaada au kwa watu wa ulinzi wa wakimbizi. Eleza ukweli. Kunyamaza kunawafaidisha wanaoishikilia, na watoto wako ndio wanaolala na njaa.

*Masharti ya dau.* Mvua ikikatisha mchezo kabla ya awamu ya tano kwisha, kampuni nyingi hufuta dau la awamu tano na kurudisha pesa. Mrushaji akibadilishwa kabla ya mchezo kuanza, baadhi ya kampuni hufuta dau, nyingine haziondoi. Soma masharti kabla, si baada. Tunza risiti au picha ya skrini.

*Kubeti wakati mchezo unaendelea.* Picha unayoiona kwenye simu inachelewa, hasa mtandao ukiwa mdogo. Kampuni imeshajua kilichotokea kabla yako. Ukiona odi nzuri ghafla, huenda pigo limeshapigwa.

Utajuaje kwamba kubeti kumekuzidi?

Jiulize maswali haya, na ujijibu bila kujificha:

- Je, umewahi kubeti pesa iliyokuwa ya chakula, dawa, ada au sare ya mtoto?
- Je, unamficha mke, mume au mzazi kiasi unachotumia?
- Je, unaongeza dau ili kurudisha ulichopoteza?
- Je, unaamka usiku kuangalia matokeo ya mchezo ambao hata hujui majina ya wachezaji wake?
- Je, umekopa au kuuza kitu cha nyumbani ili ubeti?

Kama umejibu ndiyo hata mara moja, tulia na uchukue hatua. Kama umejibu ndiyo mara kadhaa, usijaribu peke yako.

Unaweza kufanya nini?

Anza na pesa. Mwombe mtu unayemwamini, mama, dada mkubwa, mwenzi wako au kiongozi wa dini, akutunzie pesa ya mwezi na kukupa ya siku. Wengi wanaona aibu kufanya hivi, lakini inasaidia kwa sababu hamu ya kubeti huja kwa dakika chache na kupita.

Futa programu ya kubeti kwenye simu. Toka kwenye makundi ya mikeka. Kampuni nyingi zina njia ya kujifungia akaunti kwa miezi au moja kwa moja. Iombe kwa maandishi na uhifadhi jibu.

Andika hesabu. Chukua daftari, uandike kila pesa iliyotoka na kila iliyoingia kwa mwezi mmoja. Watu hukumbuka ushindi wa shilingi 2,000 na kusahau dau arobaini za shilingi 100. Daftari halisahau.

Linganisha na njia nyingine. Shilingi 50 kwa siku ni 1,500 kwa mwezi, na kwa mwaka ni zaidi ya 18,000. Ukiipeleka kwenye kikundi cha kuweka na kukopa, mwisho wa mzunguko utaipata pamoja na gawio, na utakuwa na haki ya kukopa mtaji mdogo wa nyanya, mkaa au vocha. Haitakutajirisha. Lakini pesa hiyo itakuwepo siku mtoto atakapougua.

Zungumza. Kwenye kambi na makazi mengi kuna wahudumu wa afya ya jamii na washauri wa afya ya akili. Kubeti kupita kiasi ni tatizo la afya linalotambuliwa, si upungufu wa akili wala laana. Ukiwa na mawazo ya kujidhuru kwa sababu ya deni, nenda kituo cha afya leo, au mwambie mtu aliye karibu nawe akupeleke.

Na kama wewe ni mzazi au ndugu wa kijana anayebeti, usianze kwa kumtukana. Kijana asiye na kazi, asiye na kibali cha kwenda kutafuta kazi mjini, ambaye mgao wa chakula wa nyumbani kwao umepunguzwa, anaona kubeti kama mlango pekee ulioachwa wazi. Keti naye, mchukue daftari, mfanye pamoja ile hesabu ya 1.85. Mwulize: kwa miezi mitatu, imeingia ngapi na imetoka ngapi? Mwache ajibu mwenyewe.

Kama bado utaamua kuweka pesa, weka ile ambayo ikipotea leo, chakula cha jioni kitapikwa kama kawaida. Kama huna pesa ya aina hiyo, mchezo wa leo wa Japani au Marekani utazame tu, au lala.